Kizunguzungu: limetoka kwa mzungu au kwa kuzunguka?

Mdau_wa_Mwanjelwa: Wakuu, habari za jioni. Kijiweni kuna ubishi. Mmoja kang'ang'ania kwamba kizunguzungu kimetokana na mzungu. Mwingine anasema ni zunguka tu. Na kisunzi je, ni hichohicho?

Kihesa_Juu: Zunguka. Shina ni -zungu-: weka -ka upate zunguka, weka -sha upate zungusha. Angusha hiyo -ka, rudia shina, tanguliza ki-, tayari. Angalia mulika na kimulimuli, au chefuka na kichefuchefu. Mtindo ni uleule. Huko kurudiarudia ndiko kunakobeba maana ya jambo lisilotulia. Mzungu naye ni wa shina hilo, mtu wa kuzungukazunguka, kwa hiyo hao wawili ni ndugu, hakuna aliyemzaa mwenzake. Vuka Kasumulu uingie Malawi usikie Kichewa: kizunguzungu ni *chizungulire*, na kuzunguka ni *kuzungulira*. Chi- yao ndiyo ki- yetu.

Mlima_Nyoka: Kisunzi ni hichohicho. Kisulisuli pia, ila hilo ni jina la upepo wa kuzunguka vilevile. Masua ni ya aliyekula au kuvuta kitu cha kulevya. Na tuseme "kizunguzungu kimenishika", jamani, siyo "zimenishika".

Nesi_Tukuyu: Neno liko wazi, tabu iko dirishani kwa daktari. Mgonjwa akisema "nasikia kizunguzungu" hatujajua kitu bado. Je, nyumba inazunguka ukigeuka kitandani? Hapo tunashuku sikio la ndani. Au macho yanaingia giza ukiinuka? Hapo tunapima presha: mgonjwa alale dakika 5, apimwe, asimame, apimwe tena baada ya dakika 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, presha inaanguka akisimama. Mara nyingi ni upungufu wa maji au dawa anazotumia. Kikija ghafla pamoja na mdomo kupinda, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, hiyo ni dharura, asisubiri asubuhi.

Mdau_wa_Mwanjelwa: Asante dada. Na wanaosema ni mwinuko wa Mbeya?

Nesi_Tukuyu: Mji uko kama mita 1,700. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanzia kwenye 2,500. Aangalie kwanza kama amekunywa maji.