Mmekata jina la ndugu yangu kwenye kilio cha mama eti alihama nchi. Hapa Lubumbashi, Kongo, nani hakuhama?

Ndugu zangu, leo sina salamu ndefu. Ni siku ya 9 silali vizuri, na kinachoninyima usingizi si kifo cha mama. Mama aliugua, tukamuuguza, Mungu akamchukua. Kinachoninyima usingizi ni karatasi.

(Naandika Kiswahili cha shuleni ili ninyi wa Dar, Mombasa na Bujumbura mnielewe. Kile chetu cha Lubumbashi mkikisoma mtasema nimelewa.)

Kwetu, kabla sanduku halijafungwa, mtu wa jamaa husimama na kusoma maisha ya marehemu. Alizaliwa wapi, aliolewa lini, aliacha watoto wangapi, na majina yao mmoja mmoja. Karatasi hiyo niliiandika mimi, usiku, jikoni, umeme umekatika, kwa tochi ya simu. Watoto 5, kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba. Asubuhi nikamkabidhi baba mdogo, maana baba yetu alishatangulia na yeye ndiye mkubwa wa jamaa. Akavaa miwani, akasoma vizuri, sauti imetulia. Alipofika kwenye watoto akasema, "Aliacha batoto bane" (watoto wanne). Akataja wa kwanza, akataja wa pili, akaruka, akanitaja mimi, akamalizia na mdogo wetu.

Nilidhani ameruka mstari kwa bahati mbaya. Tuliporudi kutoka makaburini nikaikuta karatasi yangu imeachwa kwenye kiti cha plastiki, ina doa la mafuta ya samaki. Jina la yaya wangu limepigwa mistari 2 ya kalamu ya bluu. Na ile 5 imegeuzwa kuwa 4, kwa uangalifu, kama mwanafunzi anayerekebisha hesabu. (Yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa, si dada wa kazi za ndani. Msije mkaanza kucheka.)

Nikamuuliza mbele ya wazee, kwa heshima, nimepiga magoti. Jibu lake nalinukuu lilivyo: "Mutu mwenye alikimbia inchi yake, alikimbia na mama yake. Ule haiko mutoto, iko musaliti." Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akaongeza kwamba nchi iko vitani mashariki, vijana wenzake wanakufa, na yeye anakula raha Afrika ya Kusini.

Sasa leo naongea, na anayetaka kunitenga kwenye jamaa anitenge.

Kwanza hilo la vita. Yaya aliondoka 2014. Goma, mji wa huko mashariki, imetekwa Januari 2025. Alitakiwa aote? Na huyo mzee aliyeitaja vita ana mtoto wake anasoma Liège, Ubelgiji, mwaka wa 3 huu. Kwa nini asimwite arudi akashike bunduki? Mtoto wake "anatafuta elimu." Wa kwetu "amekimbia." Tofauti ni kwamba mmoja alipanda ndege na mwingine alipanda lori.

Pili, sanduku. Sanduku mlilomlaza mama ni dola 350, risiti iko kwenye mkoba wangu. Gari la maiti, turubai, viti vya kukodi, magunia 2 ya unga wa bukari (ugali), sombe (kisamvu), samaki, na zile kreti za bia ambazo baba mdogo alizihesabu mwenyewe kabla ya kumhesabu marehemu. Pesa zote hizo zimetoka Durban, Afrika ya Kusini, kwa yaya. Zilitumwa kwa awamu 2, kupitia mtu wa duka, kwa makato yanayouma. Mlikula, mkashiba, mkafuta mikono, halafu mkachukua kalamu.

Mnajua raha anayokula huko? Yaya ni fundi umeme wa mitambo, ana diploma. Durban anachunga magari. Mnaoishi huko mnaijua kazi hiyo, imejaa Wakongo. Unavaa fulana ya kung'aa, unasimama juani kwenye maegesho ya duka kubwa, unamwonyesha mtu jinsi ya kurudi nyuma, ukibahatika anakupa sarafu, usipobahatika anapandisha kioo. Kwenye vurugu za 2015 alifungiwa ndani na Wakongo wenzake siku 3, nje wanasakwa wageni. Kule anaitwa kwerekwere, tusi la wageni. Hapa anaitwa msaliti. Niambieni ninyi, ni wapi mtu huyu anaitwa kwa jina lake?

Na kwa nini hakuja kuzika? Kwa sababu karatasi aliyo nayo ni ya mwomba hifadhi. Ukirudi kwa mguu wako kule ulikosema umekimbia, karatasi hiyo imekufa, na miaka yote ya foleni imekufa nayo. Alifuata maziko kwa simu niliyoishika mimi. Alisikia majina yakisomwa. Alisikia la kwake likirukwa. Hakusema kitu, akanyamaza, kisha laini ikakatika. Sijui kama ilikatika yenyewe au aliikata.

Hakuondoka kwa kupenda umeme wa watu. Alifanya kazi kwenye kampuni ndogo ya mkataba, zile zinazopewa vibarua na wenye mgodi. Zamu ya kufanya kazi saa 12 mfululizo, mkataba wa siku kwa siku, mshahara unaokuja mwezi huu na kuruka miwili. Alipodai akaambiwa getini kuna vijana 40 wanaosubiri nafasi yake. Na kweli walikuwepo, niliwaona. Akauza kinga yake (baiskeli), akaunganisha Kasumbalesa (mpakani na Zambia), Lusaka, Chirundu, Harare, Beitbridge. Pasipoti hakuwa nayo, na miaka iliyofuata zikaja zile za kibayometria za dola 185! Kuipata tu hiyo karatasi ya kuipenda nchi kihalali ingemgharimu mshahara wa miezi.

Mimi mwenyewe ni mwalimu, na miaka 4 nilikuwa NP. Wasiojua NP ni nini: ni mwalimu anayefundisha na hayumo kwenye orodha ya malipo ya serikali. Unaingia darasani kila asubuhi, watoto 70 wanakuita madamu, na mwisho wa mwezi serikali haikujui. Miaka hiyo 4 nani alinilisha, nchi au msaliti?

Turudi kwenye neno lenyewe. Baba mdogo anapenda historia, basi tuisome.

Babu yetu alizaliwa Kasai. Alipanda treni Mwene-Ditu akiwa kijana hajaota ndevu, akaja huku kutafuta kazi ya wazungu wa shaba. Reli hiyo ya kwenda Ilebo ilikamilika 1928, na iliwaleta wengi. Mji wenyewe ulianzishwa 1910, kwa ajili ya shaba tu, pasipo watu wa kutosha kuichimba. Wakaletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, wakaletwa kutoka Ruanda-Urundi, wakaletwa kutoka Kasai. Hata lugha ninayotumia kumtukana baba mdogo kichwani mwangu ilikuja kwa miguu. Msiri, mfalme wa Bunkeya, alikuwa mtu wa Unyamwezi, upande wa Tanzania, na Kiswahili kiliingia Katanga na misafara ya akina yeye, baadaye kikakomaa kwenye kambi za wafanyakazi. Kwa hiyo huyo anayesema "msaliti" anasema kwa lugha ya wahamiaji, ndani ya mji wa wahamiaji, akiwa mtoto wa mhamiaji. Babu aliacha mama yake Kasai. Hakurudi kumzika. Mbona picha yake imetundikwa sebuleni?

Na kuna jambo ambalo kwenye jamaa yetu halisemwi mezani, mimi nalisema. 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walipoambiwa warudi kwao, baba mdogo alilala stesheni ya Likasi wiki nyingi, na watu maelfu, wakisubiri treni, watoto wakifa kwa kuhara. Alikuwa kijana. Aliambiwa, "Rudi kwenu." Yeye alisema kwetu ni hapa. Siku hizi akilewa kidogo huisimulia stesheni ile na kulia. Mtu aliyelala Likasi, jamani! Mtu aliyejua maana ya kufutwa kwenye orodha ya mji aliozaliwa, ndiye anayeshika kalamu kumfuta mwingine. Hapo ndipo ninaposhindwa.

Lakini nisimwonee peke yake, amejifunza kwa wakubwa. Katiba yetu ya 2006, ibara ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu, haushikwi pamoja na mwingine. Ukichukua wa kigeni, wa kwetu unakutoka. Yaani nchi nayo ina kalamu yake ya bluu. Ila 2007, ilipofichuka kwamba kuna wabunge wenye uraia wa pili, Bunge lilijipa muda wa kujirekebisha na mambo yakalala hapo hapo. Kalamu iliisha wino.

Mpira nao. Januari 17, 2024, Leopards, timu yetu ya taifa, na Zambia, Kombe la Afrika. Tulikuwa tumejaa kwa jirani hapa Katuba, televisheni moja, watu kama 30. Wazambia wakatangulia. Wissa akasawazisha. Baba mdogo aliruka mpaka chupa ikamwagikia suruali, akapiga kelele, "Mutoto yetu uyu!" Wissa amezaliwa Ufaransa. Kazaliwa na watu waliohama, baba mdogo! Walipohama, nani aliwakata majina? Na Mazembe, klabu yetu ya hapa Lubumbashi iliyochukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika 2015, si ilibebwa na Samatta, Mtanzania? Aliiacha Simba yake Dar, akaja kwetu 2011, tukambeba mabegani. Wabongo mliopo humu, mlimwita msaliti? Nakumbuka mlitutumia salamu.

Mtu mwingine ataniambia: madaktari wote wakiondoka, nani atatutibu? Swali hilo nalikubali, ni la kweli na linauma. Lakini muulize aliyewaacha waondoke, usimuulize aliyebeba begi.

Sasa mniruhusu niseme lililo gumu kwangu. Kama kuna mtu mwenye haki ya kumkasirikia yaya, ni mimi. Mama aliugua miaka 2. Nani alimgeuza kitandani? Mimi. Nani alifua mashuka saa 10 alfajiri kabla maji hayajakatika, halafu akaenda kusimama mbele ya watoto 70? Mimi. Yaya alituma pesa ya dawa, ndiyo, lakini pesa haimwinui mtu kumpeleka msalani. Usiku mwingine mama alikuwa akiniita kwa jina lake yeye. Nikimwambia, "Mama, ni mimi," ananiangalia kama mgeni, anauliza, "Amefika wapi?" Namwambia yuko Kasumbalesa, anakaribia. Nimesema uongo huo mara ngapi, sihesabu. Nilikasirika. Nimewahi kumfungia simu wiki nzima. Akirudi siku moja nitamwambia usoni, na atalia, na mimi nitalia. Lakini hilo ni deni la nyumbani, kati yangu na yeye. Halina bendera. Baba mdogo ambaye aliingia chumba cha mgonjwa mara 2 kwa miaka 2, tena mara moja akiwa amekosea mlango, hana cha kudai.

Kila wiki napita barabara ya Kasumbalesa kwenda kumwona dada mkubwa. Malori yamepanga mstari usio na mwisho, yamebeba bamba za shaba na magunia ya kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu. Kwa miaka mingi imevuka usiku na mchana, ikiwa na mihuri yote na makaratasi yote, haina shida ya pasipoti. Sijamsikia mzee hata mmoja akiita gunia msaliti.

Walio Durban, Lusaka, Nairobi au Ulaya, nijibuni: kwenu pia wanafanya hivi kwenye misiba, au ni jamaa yangu tu? Na msinijie na "samehe, ni mzee." Nimesikia.

Jumamosi ijayo tunatosha kilio, yaani tunamaliza matanga. Jana jioni baba mdogo alipiga simu. Hakuuliza nimeamkaje. Aliuliza, "Ule wa Durban atatuma ngapi?" Nikamwambia mama aliacha batoto bane, na mimi mchango nitaukusanya kwa hao bane. Akakata. Asubuhi hii amepiga mara 3. Simu inalia tena hapa pembeni ninapoandika, na karatasi yenye doa la mafuta nimeiweka juu yake.