Kofia za mkono: niuze, au niendelee kushona kwa mapenzi tu?

Mwalimu wa Ng'ambo

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Unguja. Tangu nilipofundishwa na marehemu bibi yangu nikiwa na miaka 12, nimekuwa nikishona kofia za kiua, yaani zenye nakshi za vitundu, kwa mkono, mara nyingi baada ya sala ya Isha, na zote nimewapa baba, kaka zangu na wakwe zangu. Mwaka huu shemeji yangu anayeishi Muscat aliivaa mojawapo kazini, na tangu siku hiyo amekwisha kuniletea maombi ya watu sita wanaotaka kununua. Kofia moja hunichukua takriban saa 90, kwa sababu kila kitundu huzungushiwa uzi peke yake, na vitundu vyenyewe ni vingi mno. Kitambaa na nyuzi havizidi shilingi 12,000. Jirani yangu ananishauri niuze kwa 40,000, kwa hoja kwamba za mashine hupatikana kwa bei ya chini ya hapo. Naomba mnisaidie katika bei, na pia mniambie kama kazi niipendayo haitanigeukia ikawa mzigo.

Muuza Kanzu, Darajani

Waaleikum salaam, Mwalimu. Jirani yako anakupoteza. Ukiuza kwa 40,000 na kutoa gharama zako, unabakiwa na 28,000 kwa saa 90, yaani kama shilingi 311 kwa saa; huo si ujira, ni sadaka. Mnunuzi wa kofia ya mkono haulizi kwanza bei ya mashine, bali huipindua kofia akatazama ndani. Katika zile za mashine ninazoziuza mimi, nyuzi huonekana zimeruka kutoka tundu moja hadi jingine, ilhali ya mkono uliotulia ndani yake inakaribia kufanana na nje. Tena Oman kofia ni sehemu ya vazi la kitaifa la mwanamume, nao wenyewe huiita kumma. Anayeivaa kila siku huijua kazi nzuri kuliko sisi tunaoikumbuka Ijumaa na Idi. Mimi ningeanza na 150,000, na hata hapo utapata kama 1,500 tu kwa saa. Jambo jingine ni kwamba usiipeleke ikiwa imelegea: ifue, itie wanga, uiache ikaukie kwenye faruma, yaani kile kigogo cha kuipa kofia umbo, kwa maana kofia iliyonywea hata aliyeishona huionea haya.

Mama Keki, Tabata

Dada yangu, kuhusu bei sina la kuongeza, ila hilo la mzigo nalijua vizuri. Nilikuwa nikioka keki za watoto wa ndugu zangu kwa furaha, nikashawishika kuacha kazi na kukopa fedha za oveni kubwa. Miezi minane ya kwanza wateja wangu karibu wote walikuwa jamaa, na jamaa hulipa kwa maneno: "Tutaonana mwisho wa mwezi, shoga." Niliwahi kukesha nikipamba keki ya ghorofa tatu, harusi ikaahirishwa, nami sikuwa nimepokea hata senti. Tangu hapo sigusi unga kabla ya kupokea nusu ya bei, hata kama mwagizaji ni mama mkwe wangu, na kwa hakika yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunielewa. Usiache ualimu. Mshahara ndio utakaokupa ujasiri wa kumkatalia mtu anayetaka kukupunja.

Kijana wa Mpendae

Mwalimu, kwa saa 90 kila moja hutafika mbali. Kazi hii tangu zamani hugawanywa: mmoja huchora, mwingine hutoboa, mwingine hushona. Kama michoro ya bibi yako ndiyo inayowavutia watu, chora wewe, uwape akina mama wa mtaani washone kwa malipo, kisha usajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA), kwani BRELA ni ya Bara.

Mwalimu wa Ng'ambo

Nawashukuru nyote. Mdogo wangu wa Mpendae, hesabu yako ni sahihi, lakini nikiishia kuchora na kukagua kazi za wenzangu nitakuwa nimeuza kitu kile kile kinachoniketisha barazani kila usiku. Kusahihisha madaftari kunanitosha. Nimeamua kuchukua oda nne tu kwa mwaka, kwa 150,000 kila moja, nusu ikitangulia. Nimewaandikia wale sita leo asubuhi: wawili wamekubali, mmoja amenicheka, watatu wako kimya. Kaka wa Darajani, mmoja wa waliokubali amenitumia kipimo cha sentimita 58. Je, nikate kitambaa kwa kipimo hicho hicho, au niongeze kidogo kwa ajili ya kunywea?

Muuza Kanzu, Darajani

Ongeza sentimita moja, Mwalimu, na kitambaa chenyewe kifue kabla hujachora.