Tupeane uzoefu: tangazo lililokuletea wateja na lililokuletea balaa

Mama Trei
Wakuu salaam. Leo nimeona kwenye kundi la mtaa mtu kaandika "mayai yapo, bei inboksi", nusura chai inipalie. Trei ni mayai 30, kila mtu anajua, sasa bei unaificha ya nini? Mpika chapati wa alfajiri hana muda wa kukubembeleza. Mimi naandika: "Mayai ya kienyeji, trei 15,000, Mbezi ya Kimara karibu na stendi ya Magufuli, naleta hadi Kibamba kuanzia trei mbili." Anayepiga simu anapiga kuagiza. Nyie mnaandikaje?

Bodaboda Mstaafu
Hapo kwenye "ya Kimara" ubarikiwe. Nilishapeleka jogoo Mbezi Beach, kumbe tangazo lilisema "Mbezi" tu na mteja yuko Kimara huko. Jua la saa saba, jogoo kwenye tenga, mteja ananiambia "niko hapa kibandani". Wakabishana muuzaji na mteja kuhusu nauli, nikachomwa na jua mimi.

Mzee wa Duka
Napinga. Ukitaja bei, jirani anashusha mia tano kesho yake. Mimi naandika "maelewano".

Mama Trei
Maelewano kwenye mayai, mzee wangu? Hiyo ni ya viwanja na magari.

Mzee wa Duka
Binti, niko dukani tangu enzi za yale magari ya abiria ya chai maharage. Usinifundishe.

Seremala wa Keko
Nyie mnagombania bei, mimi tarakimu moja ilitaka kunitoa roho. Nilimwandikia mchora mabango kwenye karatasi: "Kitanda cha mninga, 5 kwa 6, imara, hakipigi kelele. Piga simu saa yoyote." Akachora vizuri tu, herufi nyekundu zenye kivuli, pembeni kitanda na mito yake. Ila namba yangu inaishia na 3, yeye akaweka 8. Bango likasimama barabarani, simu yangu kimya, nikajua mji umekauka hela.

Kumbe ile ya 8 ni ya mke wa mtu, Tabora. Wanaume wanampigia usiku: "Mambo, kitanda bado kipo?" Mwingine: "Kweli hakipigi kelele?" Mume akaanza kupokea yeye. Mimi sina habari, mpaka mama mmoja wa makamo akaja karakana amefura: "Fundi, nimepiga namba yako nimetukanwa mimi na ukoo wangu, ndivyo mnavyouza?" Nikaenda kusoma bango namba kwa namba, nikaipiga. Sauti ya kiume: "Na wewe unataka kitanda?" Nikasema hapana kaka, mimi ndiye mwenye kitanda.

Mungu wangu. Kumbe ndiye aliyekuwa ananitafuta! Ilibidi nipige picha ya bango nimtumie, kisha mshenga wao akaunganishwa kwenye simu, nikajieleza mbele ya wazee kwamba nauza samani. Wakati huo mke kesharudi kwao.

Bodaboda Mstaafu
Nimecheka hadi abiria wamenigeukia. Haya, alirejea?

Seremala wa Keko
Sikuuliza.

Bodaboda Mstaafu
Hukuuliza vipi wewe!

Kijana wa Mabibo
Lawama ni zako pia. "Saa yoyote" ya nini? Andika saa 2 asubuhi hadi 12 jioni, usiku watu walale.

Dada Cherehani
Dawa ndogo tu. Kabla ya kubandika, mpe tangazo mtoto asiyeijua namba yako, apige kama ilivyoandikwa. Yako ikiita, bandika. Na wekeni picha ya nguo mliyoshona wenyewe. Mteja akiona gauni la mtandaoni halafu akaletewa la kwako, hapo ni kesi.

Kijana wa Mabibo
Lingine, wekeni lipa namba kwenye tangazo, mteja aone jina la biashara.

Dada Cherehani
Thubutu! Watu wamechoshwa na meseji za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii". Wakiona sehemu ya kulipia kabla ya mzigo, wanakimbia.

Mpemba wa Kongowea
Huku Mombasa nikiandika "nguo nzuri" hakuna anayejibu. Nikiandika "dera za pamba, shilingi 350, rangi sita" nawakuta mlangoni.

Kijana wa Mabibo
Mimi nilibandika kwenye nguzo ya umeme, tangazo la kutengeneza friji. Jioni juu yangu kuna mganga wa nyota. Kesho yake juu ya mganga kuna chumba cha kupanga.

Bodaboda Mstaafu
Tuachane na friji. Fundi, mpigie yule bwana wa Tabora umuulize.

Mzee wa Duka
Fundi, hicho kitanda ni mninga kweli au mpaini uliopakwa rangi? Unauzaje?

Seremala wa Keko
Mninga mtupu, mzee. Njoo tu, bei tutaelewana.

Mzee wa Duka
Taja bei bwana, nina haraka.