Mshono haujapona, narudishwa ofisi ya usajili mara ya tatu kwa kosa la herufi moja

Wakuu, nimeingia ndani sasa hivi na hasira hadi mikono inatetemeka. Mtoto kalala, acha nitoe la moyoni.

Nimejifungua kwa upasuaji wiki tatu zilizopita. Leo nimekwenda mara ya tatu kufuatilia cheti cha kuzaliwa. Mara ya kwanza, karatasi ya hospitali haina muhuri. Mara ya pili, baba awepo na kitambulisho halisi, nakala hawapokei. Siku ya kwanza hakuna aliyenitajia hilo! Leo mume wangu kaomba ruhusa kazini, tumekwenda wote, muhuri upo, vitambulisho vipo. Dada wa dirishani kaweka kidole kwenye jina langu: kitambulisho kina "h", karatasi ya hospitali haina. "Rudini hospitali mkarekebishiwe." Kaisukuma karatasi chini ya kioo, kaita mwingine.

Nilikuwa nimesimama saa mbili. Benchi ni moja na lilijaa. Mtoto analia, maziwa yamenivuja hadi gauni limelowa kifuani, mshono unachoma. Hakuna hata mfanyakazi mmoja aliyesema mwenye kichanga apite mbele.

Kosa ni la nani? Jina langu sikuliandika mimi. Kaliandika mhudumu wa wodi, mimi nikiwa bado na dripu mkononi. Wamekosea wao, anayezungushwa ni mimi.

Na cheti hicho ndicho kimeshika kila kitu. Bima haimwingizi mtoto bila cheti, na wametupa siku ya mwisho; ikipita, akiugua ni juu yetu. Kazini nao wanakitaka kwa ajili ya malipo ya likizo ya uzazi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 183 wa mwaka 2000 unataka likizo hiyo isipungue wiki 14, na wiki 6 za baada ya kujifungua ni za lazima, ili mwili upone. Mimi wiki zangu sita zinaishia kwenye foleni.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba inawezekana. Chanjo ya kifua kikuu na ya homa ya ini mtoto kachomwa kabla hajatimiza saa 24. Nesi kaja mwenyewe kitandani, kauliza, kachoma, kajaza kadi, kaondoka. Kwa nini msajili asifike wodini vilevile, wakati mama yupo, mtoto yupo na faili lipo? Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 7, unasema mtoto asajiliwe mara tu baada ya kuzaliwa. Mara tu! Mwaka 2024 UNICEF ilikadiria watoto milioni 150 wa chini ya miaka 5 duniani hawajasajiliwa, halafu nasikia watu wanasema wazazi ni wazembe. Mbele yangu leo kulikuwa na binti kabeba kichanga, yuko peke yake. Kaambiwa akamlete baba. Hakujibu kitu. Kakunja karatasi yake mara nne, kaitia kwenye mfuko wa nepi, kaondoka. Huyo mnadhani atarudi?

Mnaokaribia kujifungua, nawaomba sana: msikubali kuruhusiwa kabla ya kuisoma karatasi hiyo herufi kwa herufi, kitambulisho kikiwa mkononi. Majina ya wazazi wote wawili, tarehe, jinsia ya mtoto, sahihi, muhuri. Kama hamna nguvu, mpeni mama au dada aisome. Kikosewe kitu, kirekebishwe hapohapo, kisha pigeni picha.

Kesho asubuhi niko hospitali. Aliyewahi kurekebishiwa jina la mama kwenye karatasi hiyo, ulianzia wodini au ofisi ya kumbukumbu? Na walikudai hati ya kiapo? Nijibuni usiku huu, sitaki kwenda mara ya nne nikakosa tena.