Kitabu cha mwongozo cha mwaka 2018: bado kinafaa kwa matembezi ya Venice?

Mtembezi Taratibu

Ndugu wanajamvi, salaam. Mwezi wa Mei natarajia kwenda Venice, Italia, kwa siku chache, nikiwa na mama yangu ambaye hatembei haraka. Nimepewa kitabu cha mwongozo wa wasafiri kilichochapwa mwaka 2018, kinene, chenye ramani za kukunjua na maelezo marefu ya kila kanisa. Nimekisoma kwa hamu, lakini mambo mawili yananitatiza. Kwanza, anwani zake zina jina la eneo na namba tupu, kwa mfano "San Polo 3072", bila jina la mtaa, nami sielewi mtu hufikaje hapo. Pili, kimepanga matembezi ya siku nzima kuanzia uwanja wa San Marco hadi daraja la Rialto na kuendelea, yenye vituo vingi kiasi kwamba nahofia tutashinda tukifunua kurasa tu. Je, nifuate mpangilio wake, nichague sehemu, au nikiache hotelini na kutegemea simu?

Mchora Njia

Ndugu mleta mada, usikiache hotelini. Anwani uliyoitaja ni ya kanisa la Frari, na kitabu kimeiandika sawasawa, kwa sababu ndivyo mji wenyewe unavyohesabu nyumba zake. Venice imegawanywa tangu zamani katika maeneo sita, yaani San Marco, Castello, Cannaregio, Dorsoduro, San Polo na Santa Croce, na namba hutolewa kwa eneo zima, hata Castello zikapita 6,000. Isitoshe, majina ya vichochoro hujirudia: Calle del Forno, yaani Kichochoro cha Tanuri, utaikuta katika maeneo kadhaa, kwa kuwa tanuri za mikate zilikuwa nyingi. Ukiiandika kwenye simu bila kutaja eneo, unaweza kupelekwa ng'ambo usiyoikusudia ya Mfereji Mkuu, ambao una madaraja manne tu katika urefu wake wote.

Ninachokushauri ni kuandika kwa penseli, pembeni mwa ukurasa wa kila mahali mnapopataka, jina la uwanja ulio karibu na jina la kituo cha boti. Kwa Frari ni Campo dei Frari, na kituo ni San Tomà, ambapo boti ya njia namba 1 husimama. Majina ya viwanja na vichochoro yamepakwa ukutani kwa herufi nyeusi juu ya chokaa nyeupe, kwa hiyo ni rahisi kuyalinganisha na kitabu. Mkipotea, vibao vya njano vyenye mishale ya Rialto, San Marco au Ferrovia, ambacho ndicho kituo cha treni, vitawarudisha kwenye njia kubwa.

Kuhusu mpangilio wa siku nzima, mimi ningeuvunja bila huruma. Waandishi wa vitabu hivi hupima matembezi kwa mita, ilhali Venice ina madaraja zaidi ya 400, na karibu yote hupandwa na kushukwa kwa ngazi. Kwa mtu mzima anayetembea polepole, nusu kilomita yenye madaraja sita huchosha kuliko kilomita moja isiyo na hata moja. Funueni ile ramani usiku, mhesabu madaraja yaliyo kati ya kituo na kituo, kisha mchague eneo moja kwa nusu siku. San Polo na sehemu ya Dorsoduro iliyopakana nalo zinatosha kabisa kwa asubuhi nzima. Njia ya kutoka San Marco hadi Rialto kupitia maduka ya Mercerie ningeirukia mbali, maana mtasukumana na watu bila kuona kitu.

Msoma Kuta

Nakubaliana na ndugu Mchora Njia kuhusu madaraja, lakini Rialto yenyewe nisingeifuta. Nendeni asubuhi, kati ya Jumanne na Jumamosi, soko la samaki linapofanya kazi, mkatafute bamba la mawe lililochongwa urefu wa chini kabisa unaoruhusiwa kwa kila aina ya samaki anayeuzwa. Watu wengi hupita mbele yake wakipiga picha za kamba.

Jambo kubwa zaidi ni wakati wa kukisoma kitabu. Maelezo marefu yasomwe usiku wa kuamkia safari, na mkifika mahali mfungue aya moja au mbili tu. Chukua mfano wa Frari. Mkiingia, simameni mlangoni kitabu kikiwa kimefungwa, mtazame moja kwa moja mbele: kupitia tao la ukuta unaozunguka viti vya watawa katikati ya kanisa mtaiona picha ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, iliyochorwa na Titian na kuwekwa juu ya altare kuu mwaka 1518. Nguo nyekundu na mikono ya mitume iliyoinuliwa juu vinasomeka hata kwa mbali namna hiyo. Mkishaiona hivyo ndipo ukurasa unaoeleza kwamba ina urefu wa karibu mita 7 utakuwa na maana. Makaburi ya watawala mnaweza kuyapita haraka, ila piramidi ya marumaru ya mchongaji Canova inastahili kusimama: aliibuni iwe kaburi la Titian, kisha wanafunzi wa Canova wakaitumia kwa ajili ya Canova mwenyewe.

Kitu ambacho vitabu vingi hukipa nusu sentensi ni visima vya viwanjani. Mji huu umezungukwa na maji ya chumvi, kwa hiyo chini ya uwanja wenye kisima walijenga birika la udongo mfinyanzi lililojazwa mchanga. Mvua iliingia kupitia vitundu vya mawe kando ya kisima, ikachujwa na mchanga, ndipo ikachotwa katikati. Watu waliishi hivyo mpaka maji ya bomba yalipofika kutoka bara mwaka 1884. Mwonyeshe mama vile vitundu sakafuni, kisha mpumzike hapohapo.

Mtembezi Taratibu

Nawashukuru sana. Nimeanza kuhesabu madaraja, na nusu ya mpangilio wa kitabu imekwisha kufutika. Swali moja limebaki: ni mambo gani makubwa ambayo kitabu cha 2018 hakingeweza kuyajua?

Mtunza Tiketi

La kwanza ni ada ya kuingia mjini, iliyoanza mwaka 2024. Hutozwa wageni wa kutwa katika siku zilizotangazwa, hasa za majira ya machipuko na mwanzo wa kiangazi. Wanaolala katika nyumba za wageni ndani ya manispaa hawalipi, lakini jiandikisheni mtandaoni mapema ili mpate msimbo wa kuonyesha mkiulizwa, kwa kuwa Mei imo ndani ya kipindi hicho.

La pili ni mafuriko. Maji yalifika sentimita 187 Novemba 2019, mwaka mmoja baada ya kitabu chako, na tangu Oktoba 2020 malango ya MOSE huinuliwa baharini maji yanapotabiriwa kupanda sana. Kurasa za viatu vya mpira zirukeni. Hata hivyo, maji hayo ni ya vuli na majira ya baridi zaidi kuliko Mei. Kitabu pia hakitawaambia kwamba jengo la Procuratie Vecchie, upande wa kaskazini wa uwanja wa San Marco, lilifunguliwa kwa umma mwaka 2022.

Saa za kufungua na bei zote zitazameni upya kwenye tovuti za wahusika. Tiketi moja ya boti, ya dakika 75, ilikuwa euro 7.50 wakati ule, ikapanda hadi euro 9.50, kwa hiyo tiketi ya siku kadhaa itawafaa zaidi. Mkiwa nayo, pandeni njia namba 1 pale Piazzale Roma, penye kituo cha mabasi, ambako ndiko inakoanzia safari kabla ya abiria kujaa, mama apate kiti, nawe ufungue sura ya majumba ya Mfereji Mkuu. Boti hiyo husimama karibu kila kituo, na mwendo wake unatosha kusoma jumba moja kabla ya kulifikia jingine.