Hotuba ya dakika 5 kwa wazazi: nibakize mbinu zipi?

mzazi_mwenzenu: Wakuu, nina dakika 5 kwenye kikao cha wazazi, kuwaomba wachangie makande ya mchana kwa wanafunzi. Rasimu ina maswali ya balagha (yasiyohitaji kujibiwa) sita, methali nne, na tashbihi (mifananisho ya "kama") kila aya. Nipunguze nini?

mlumbi: Mkuu, tashbihi futa zote. Maswali bakiza moja, lile ambalo ukumbi mzima una jibu lake: "Nani kati yetu anaweza kupiga hesabu saa nane mchana hajala?" Jibu ambalo mtu amejipa mwenyewe habishani nalo. Ila "Tutashindwa kweli kuchanga debe la mahindi?" ni hatari. Yupo mzazi aliyeshindwa, na akiitikia "ndiyo" kwa sauti, kikao kimekuponyoka. Ukishauliza, nyamaza sekunde mbili tatu. Wengi hukimbilia sentensi inayofuata, swali likafa.

Nguvu kubwa iko kwenye takriri, yaani kurudia neno lilelile. Chukua hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera: uwezo wa kumpiga, sababu, nia, kila kimoja kikifungwa na "tunao" au "tunayo". Kinachotajwa kimetangulia, kitenzi kimebaki mwisho, kwa hiyo sauti inatua palepale mara tatu. Baada ya mara ya pili ukumbi unaisubiri ya tatu. Ukiongeza ya nne na ya tano, watu wanaanza kusikia ufundi badala ya hoja.

kibwagizo: Methali usiitamke yote. Sema "Haba na haba..." wamalizie wao. Moja tu, tena inayojulikana na wote. Ukileta ngeni watakaa kimya na utayumba.

fasaha_tz: Kwa ombi la chakula mimi naona tabaini, yaani kukana mambo ili kusisitiza moja, inafaa kuliko takriri nzito ya vita. "Hatuombi jengo. Hatuombi basi. Tunaomba sahani ya makande." Yale makubwa uliyoyakana ndiyo yanayofanya ombi lionekane dogo. Iweke mwishoni, kisha taja kiasi na tarehe hapohapo kabla hamasa haijapoa. Chuku (kutia chumvi) iepuke kabisa: ukisema "watoto wanakufa njaa" mbele ya wazazi wanaowaona kila siku, hata takwimu zako za kweli watazitilia shaka.

mzazi_mwenzenu: Asanteni sana. Kiasi nikitaje kwa shilingi?

mlumbi: Kwa debe la mahindi na kilo za maharage, kwa kila kaya. Jumla ya shilingi za shule nzima mzazi huisikia kama deni. Debe analipima nyumbani kwake.