Kabla ya Kununua Chungu cha Maua: Gumzo la Kikundi cha Ukoo

Salma: Shikamoo Shangazi Rukia, na shikamooni wakubwa wote wa kikundi hiki. Niko Zanesville, Ohio, katika duka la vitu vya kale, na mbele yangu kuna chungu cha maua cha buluu chenye masikio mawili na ua jeupe la magnolia ubavuni. Muuzaji anasema ni kazi ya Roseville ya miaka ya 1940 na anataka dola 95. Nimetuma picha ya mbele na ya kitako. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha.

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Umefanya vyema kupiga picha kitako, kwa sababu uso wa chungu humpendeza mnunuzi, lakini kitako ndicho kinachotoa ushahidi. Kiwanda cha Roseville kilianza mwaka 1890 katika mji wenye jina hilo, kikahamia hapo Zanesville, kikafungwa mwaka 1954. Katika miaka ya 1940 alama yao ilitoka ndani ya kalibu yenyewe, yaani umbo la kumiminia udongo, maandishi yakiwa yameinuka: jina la kiwanda, kisha U.S.A., kisha namba ya umbo, na baada ya kistari ukubwa kwa inchi. Kwako naona jina na namba, ila U.S.A. siioni. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 soko limejaa nakala kutoka China zenye upungufu huohuo, na magnolia ni miongoni mwa maua wanayoyapenda waghushi.

Mjomba Idi: Dada, nisamehe kwa kuingilia. Kwa hiyo kila chungu kisicho na maandishi hayo ni bandia?

Shangazi Rukia: Hapana, kaka, na hapo ndipo wengi huacha mali halisi ikaondoka. Vyungu vingi vya Roseville vya miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 vilibandikwa kikaratasi tu, ambacho kilibanduka zamani, na leo havina alama yoyote. Lakini magnolia si ya kipindi hicho. Salma, omba futi ya kupimia, halafu utoe chungu kwenye mwanga wa jua. Anayeghushi kwa kutengeneza kalibu kutoka kwenye chungu halisi hupata kitu kidogo zaidi, maana udongo husinyaa unapokauka na kuchomwa. Namba ya inchi ni ya kukadiria, kwa hiyo usihukumu kwa tofauti ndogo; tazama pia kama kingo za petali ni kali au zimefifia, na kama rangi zinaingiliana taratibu au zimepakwa kama za mwanasesere.

Mjomba Idi: Wakati anapima, nieleze jambo moja: kwa nini viwanda vya vyungu hivi vilikuwa Ohio?

Shangazi Rukia: Kwa sababu udongo mzuri ulikuwa chini ya miguu yao, gesi asilia ya kuwashia matanuri ilikuwa karibu, na reli zilifika. Samuel Weller alianza kufinyanga mwaka 1872 kabla ya kujenga kiwanda kikubwa Zanesville, na huko Cincinnati Maria Longworth Nichols alianzisha kiwanda cha vyungu cha Rookwood mwaka 1880. Hao Rookwood nawapenda kuliko wote, nakiri, kwa sababu walituhurumia sisi wakusanyaji: kuanzia 1886 alama yao ya kitakoni ilikuwa herufi R na P zilizogeuziana mgongo, wakaongeza mchoro wa mwali mmoja wa moto kila mwaka hadi ikafika miali 14 mwaka 1900, na kuanzia 1901 wakaweka tarakimu za Kirumi chini yake. Ukiona XXVII, chungu ni cha 1927, hakuna ubishi.

Salma: Nimepima, Shangazi. Namba ya kitako inasema inchi 8, lakini nikipima kwa futi hakifiki hata inchi 7. Petali zimefifia kama ulivyosema, na U.S.A. haipo kabisa. Hata hivyo, kwenye rafu ya chini kuna kingine chenye rangi ya waridi isiyong'aa, kimeandikwa Hull, herufi W na namba, na U.S.A. Kina tundu lililotobolewa kitakoni, na bei yake ni dola 20.

Shangazi Rukia: Hicho cha kwanza mrudishie kwa adabu. Cha pili ni cha mtindo wa Woodland wa kiwanda cha Hull, kutoka Crooksville, hapohapo Ohio. Kiwanda hicho kilikumbwa na mafuriko na moto tarehe 16 Juni 1950, na kilipofunguliwa tena mwaka 1952 vyombo vyake vya mtindo huo vilikuwa vya kung'aa. Kwa hiyo rangi hiyo isiyong'aa inatuonyesha kwamba kilitengenezwa kabla ya janga hilo. Tundu linakishusha thamani kwa mkusanyaji, na ndiyo maana ni rahisi. Lakini wewe unataka kupanda mmea, na tundu tayari lipo! Kile kisichotobolewa kisitobolewe kamwe. Mmea huwekwa ndani yake ukiwa katika kopo la plastiki, ili chumvi za maji zisiache madoa.

Bi Mkubwa: Wajukuu zangu, je, chombo hicho chafaa kuwekea matunda?

Shangazi Rukia: Hapana, Mama. Baadhi ya rangi za zamani za kuchomwa zilikuwa na madini ya risasi yenye sumu, kwa hiyo vyungu hivi tunaviachia mimea peke yake. Salma, kabla ya kulipa, kigonge taratibu kwa ukucha: sauti ikitoka butu, huenda kuna ufa.

Salma: Sauti ni safi, na amekubali dola 15. Nimelipa.

Shangazi Rukia: Basi kibebe kwa kukishika chini, usikishike masikio, kwa sababu hapo ndipo vyombo vya zamani huvunjika.